Nyungunyungu wa Udongo na Nyungunyungu wa Sufu: Samaki Hudanganywa kwa Mlango Gani?

Mvua za kwanza zinapoishukia ardhi ya Mpanda, kwa kawaida mwezi wa Novemba, udongo uliokuwa mkavu kwa miezi kadhaa huanza kulainika, na viumbe waliojificha chini yake huanza kupanda juu. Mmoja wao ni nyungunyungu. Katika kata ya Kasokola, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Mkoa wa Katavi, mtoto mwenye kopo tupu na jembe lililovunjika mpini anajua vema mahali pa kumtafuta mnyama huyu: migombani, kando ya mahali panapomwagwa maji ya kuoshea vyombo, na chini ya samadi iliyooza. Baada ya muda mfupi kopo lake huwa na chambo cha kutosha siku nzima.

Mbali sana na hapo, katika mito ya baridi ya Ulaya na Marekani, yuko mvuvi mwingine ambaye naye hutumia nyungunyungu, ila wake hakutoka udongoni. Ametengenezwa kwa kipande cha uzi mwekundu, laini kama mahameli, kilichofungwa juu ya ndoana. Hali, hafi, wala haozi; hukaa katika kisanduku kidogo mfukoni mwa koti. Kwa nyungunyungu huyo wa bandia mvuvi huwapata samaki wawili wanaosifiwa sana katika nchi hizo, yaani trauti na greilingi.

Tuseme sasa kwamba mvuvi huyo amefika Kasokola na kisanduku chake, akaketi kando ya dimbwi moja na mtoto yule wa kopo. Ni nani atakayerudi nyumbani na kitoweo? Wengi wetu tutamtaja mtoto, na yaelekea tutakuwa tumepata. Lakini kwa nini? Na kwa nini nyungunyungu yule yule wa uzi, akipelekwa katika kijito cha mlimani, aweze kushindana na nyungunyungu hai? Jibu halimo katika ustadi wa mvuvi peke yake. Limo katika hali ya maji, na katika mlango wa fahamu ambao samaki wa maji hayo huutumia kutafuta chakula chake.

NYUNGUNYUNGU NI MNYAMA GANI?

Nyungunyungu hana macho, masikio, mapafu wala mifupa. Mwili wake umegawanyika katika pingili nyingi zinazofuatana kama pete, na katika kila pingili, isipokuwa chache, mna vinyweleo vifupi vigumu vinavyomwezesha kushika udongo anapotambaa. Huvuta hewa kwa kupitia ngozi yake, nayo ngozi hiyo haiwezi kufanya kazi mpaka iwe na unyevu. Kwa sababu hiyo mwili wake hutoa ute wakati wote. Udongo unapokauka, nyungunyungu wengi wa nchi za joto hushuka chini zaidi, hujikunja, na kutulia mpaka mvua irudi. Ndiyo maana kopo la mtoto wa Kasokola hujaa upesi mwezi wa Desemba, na mwezi wa Septemba huenda likarudi tupu.

Damu yake ni nyekundu kwa sababu ina hemoglobini, kemikali ile ile inayobeba oksijeni katika damu yetu. Wako pia wanyoo wadogo wa majini, na viluwiluwi vya aina fulani za visubi, ambao wana hemoglobini miilini mwao. Viumbe hawa huishi katika matope ya chini ya maji, mahali penye oksijeni haba, na hemoglobini huwasaidia kuikusanya hiyo kidogo iliyopo. Kwa hiyo samaki anayetafuta chakula chini ya maji hukutana mara kwa mara na kitu chembamba, laini na chekundu, na kila akikimeza hupata faida.

Hivyo nyungunyungu aliyetundikwa kwenye ndoana hutoa habari nne kwa wakati mmoja. Umbo na rangi yake huonekana. Anapojinyonganyonga huyatikisa maji. Ute na majimaji ya mwili wake huyeyuka na kutawanyika, yakiwa na asidi-amino ambazo samaki huzitambua kama harufu na ladha. Tena, kama kila kiumbe hai, mwili wake hutoa umeme hafifu sana. Mnyoo wa uzi hutoa habari mbili tu: umbo na rangi, na mtikisiko kidogo endapo mvuvi au mkondo wa maji utamchezesha. Kwa milango miwili iliyobaki yeye ni bubu.

KAMBALE NA MAJI YA TOPE

Samaki anayejulikana sana katika mito na madimbwi ya tambarare za Katavi ni kambale. Maji anayoishi, hasa wakati wa mvua, yana rangi ya chai ya maziwa. Ukitia mkono ndani hadi kiwiko huvioni vidole vyako. Katika maji kama hayo jicho halina kazi kubwa, na macho ya kambale ni madogo kweli kweli yakilinganishwa na ukubwa wa kichwa chake.

Badala ya macho, kambale amepewa sharubu. Kambale wa kawaida wa Afrika, ambaye kwa jina la kitaalamu huitwa Clarias gariepinus, ana jozi nne za sharubu, yaani nane kwa jumla, zilizouzunguka mdomo wake. Sharubu hizo zimejaa vinundu vya ladha, vya namna ile ile iliyomo katika ulimi wa binadamu. Si hivyo tu. Katika jamii ya kambale vinundu hivyo huenea pia juu ya ngozi ya mwili. Tukitaka kusema kwa mfano, kambale ni ulimi unaoogelea. Apitapo karibu na nyungunyungu huionja habari yake kabla hajamgusa kwa mdomo.

Pamoja na hayo, kambale ana mstari wa ubavuni, kama walivyo nao samaki wengine. Huu ni mfululizo wa vihisio unaokwenda tangu kichwani hadi mkiani, ambao hutambua hata mtikisiko mdogo wa maji. Tena ana vihisio vya kutambua umeme ule hafifu unaotoka katika miili ya viumbe hai. Kwa hiyo hata usiku wa giza, ndani ya tope, nyungunyungu hai hana mahali pa kujificha, ilhali mnyoo wa uzi ni kama kijiti kilichoanguka majini.

Sasa twaweza kumjibu mgeni wetu mwenye kisanduku. Mnyoo wake ni hodari wa kulidanganya jicho. Lakini katika dimbwi la Kasokola amefika mahali ambapo anayeulizwa si jicho.

TRAUTI NA MAJI MAANGAVU

Tuupande mlima sasa, mpaka kwenye vijito ambako mambo hugeuka kinyume. Trauti si mwenyeji wa Afrika ya Mashariki. Mwaka 1905 trauti wa kahawia waliletwa Kenya kutoka Loch Leven, huko Uskoti, na kutiwa katika mito ya milima ya Aberdare. Mwaka 1910 wakafuata trauti wa upinde wa mvua kutoka Afrika ya Kusini. Katika Tanzania nako walipandikizwa wakati wa ukoloni katika vijito vya Kilimanjaro na katika nyanda za juu za kusini. Greilingi, aliye wa ukoo mmoja na trauti, mwenye pezi la mgongoni lililopanuka kama tanga, ni samaki wa mito ya baridi ya Ulaya, Asia na Amerika ya Kaskazini.

Kwa nini trauti asipandikizwe Mpanda? Sababu ya kwanza ni joto. Kadiri maji yanavyopata joto ndivyo yanavyopungukiwa na uwezo wa kubeba oksijeni. Kwenye usawa wa bahari, lita moja ya maji yenye joto la nyuzi 10 za Sentigredi huweza kubeba miligramu 11 hivi za oksijeni. Yakifika nyuzi 30 hubeba pungufu ya miligramu 8. Trauti hustawi katika maji yaliyo chini ya nyuzi 20, na yakifika nyuzi 25 au zaidi maisha yake huwa hatarini. Kambale hana shida hiyo. Ana kiungo cha ziada, chenye matawi kama kijiti, karibu na matamvua yake, kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu ya maji. Ndiyo maana huvumilia dimbwi ambalo trauti angekufa mara moja.

Maji ya kijito cha mlimani ni ya baridi, ya mbio, na kwa kawaida ni maangavu. Trauti hukaa nyuma ya jiwe, akielekeza kichwa mkondo unakotoka, na kutazama kila kinachopita mbele yake. Jicho lake ni kubwa na hutambua rangi. Ana nafasi fupi tu ya kuamua: kitu hiki ni chakula au ni takataka? Akikawia, mkondo umekwisha kukichukua. Hapa ndipo mnyoo wa uzi anapopata bahati yake, kwa sababu mlango unaoulizwa ni ule ule anaoweza kuudanganya, na muda wa kuhojiwa ni mfupi.

Lakini mvuvi naye hana muda. Trauti akiisha kukitia kitu kinywani, vinundu vya ladha huanza kazi, na mara moja hutambua kuwa ametafuna sufu. Hukitema upesi sana. Mvuvi wa nyungunyungu hai aweza kungoja mpaka mshipi uvutwe. Mvuvi wa mnyoo wa uzi hana budi kuinua ufito wake papo hapo aonapo dalili yoyote.

HISTORIA FUPI YA UZI MWEKUNDU

Hila hii ni ya zamani. Aelianus, mwandishi wa dola ya Kirumi aliyeishi karibu miaka 1,800 iliyopita, alieleza jinsi watu wa Makedonia walivyofunga sufu nyekundu kwenye ndoana, wakaongeza manyoya mawili ya jogoo, na kuwavua samaki wa mtoni ambao walizoea kula inzi waliokuwa wakiruka juu ya maji. Kutokana na mbinu hiyo, uvuvi wa namna hii ukaja kuitwa uvuvi wa inzi wa bandia, hata pale ambapo kinachoigwa si inzi.

Mnyoo wa uzi aliye mashuhuri kuliko wote umepewa jina la mto San Juan, ulioko New Mexico, Marekani. Bwawa la Navajo lilikamilishwa katika mto huo mwaka 1962. Maji yanayotoka chini ya bwawa ni ya baridi mwaka mzima, na katika matope yake wamo wanyoo wadogo wekundu kwa wingi. Wavuvi walipoona kuwa trauti wa hapo hula wanyoo hao, walifunga kipande cha uzi mwekundu juu ya ndoana, wakaacha ncha mbili zikining'inia. Hakuna kazi rahisi kuliko hiyo, na pengine ndiyo sababu baadhi ya wavuvi wa jadi huidharau na kusema kwamba mnyoo si inzi. Trauti hawakushiriki katika ubishi huo. Kwa greilingi, ambaye mdomo wake umeinama kidogo na ambaye hupenda kuokota chakula chini, mnyoo huyo hutiwa uzito kwa ushanga wa chuma ili aburuzike karibu na mawe. Siku hizi wengine hutumia mpira laini badala ya uzi, ili mnyoo atikisike zaidi. Yaani wanajaribu kuufungua mlango wa pili.

Jambo ambalo huenda wasomaji wengi hawalijui ni kwamba sehemu kubwa ya inzi hao wa bandia, pamoja na wanyoo wa uzi, hufungwa kwa mikono ya mafundi wa Kenya na kupelekwa Ulaya na Marekani kuuzwa. Fundi mmoja hufunga ndoana nyingi kwa siku, kila moja ikifanana na mwenziwe, ingawa yumkini hajapata kumwona trauti akiwa hai.

LAWAMA YA CHAMBO HAI

Je, tuseme basi kwamba nyungunyungu hai hana kasoro? La. Katika maji mengi ya trauti duniani chambo hai kimepigwa marufuku, na sababu yake ni ya kielimu. Kwa kuwa nyungunyungu ana ladha ya kweli, samaki humeza badala ya kutema, na ndoana hufika kooni au tumboni. Samaki aliye mdogo mno, ambaye mvuvi angependa kumrudisha majini akue, mara nyingi hufa. Aliyenaswa mdomoni kwa uzi huwa na nafasi kubwa zaidi ya kupona.

Funzo hili lafaa hata Kasokola, ambako hakuna trauti. Mvuvi anayetumia ndoana kubwa kidogo huwaepuka samaki wachanga, kwa kuwa hawawezi kuimeza. Anayeshika mshipi mkononi na kuuinua mapema hupata samaki aliyenaswa mdomoni. Anayeufunga mtini na kwenda zake hupata aliyemeza. Nyavu za chandarua, ambazo hazibagui kubwa wala dogo, ni mbaya kuliko ndoana yoyote.

JARIBIO KWA WANAFUNZI

Hoja zote hizi zaweza kupimwa shuleni bila maabara. Pateni kambale wadogo watatu au wanne kutoka katika bwawa la kufugia, na muwaweke katika beseni pana lenye maji yaliyotolewa katika bwawa hilo hilo. Waacheni watulie kwa siku moja. Kateni vipande viwili vya uzi mwekundu wa sufu vilivyo sawa kwa urefu. Kimoja kilowekeni katika maji safi. Cha pili katika maji ambamo nyungunyungu kadhaa wamekaa kwa saa moja. Msitumie ndoana.

Tumbukizeni vipande hivyo kwa pamoja, kila kimoja upande wake, na mhesabu ni mara ngapi samaki wanakigusa kila kimoja katika muda wa dakika tano. Rudieni mara kumi, mkibadilisha pande, ili isije ikawa samaki wanapenda upande mmoja tu wa beseni. Kisha rudieni tena jioni, mwanga ukiwa hafifu. Endapo tuliyoyasema juu ya sharubu ni kweli, uzi wenye ladha utaguswa mara nyingi zaidi, na giza halitapunguza tofauti hiyo.

Baadaye fanyeni hivyo hivyo kwa perege, samaki mwenye macho makubwa zaidi, na mlinganishe hesabu. Badilisheni jambo moja tu kwa kila jaribio: ama ladha, ama rangi, ama mwanga. Mkibadilisha mawili kwa pamoja hamtajua lipi limeleta matokeo. Mwisho wa kazi warudisheni samaki walikotoka, wakiwa hai.

KUFUGA BADALA YA KUCHIMBA

Kuchimba nyungunyungu kwenye kingo za vijito hulegeza udongo, na mvua ikija udongo huo huingia majini. Tena nyungunyungu ni rafiki wa mkulima. Charles Darwin, katika kitabu alichokitoa mwaka 1881, alionyesha jinsi wanyama hawa wanavyougeuza udongo kwa kuupitisha matumboni mwao, mwaka baada ya mwaka. Kuwafuga ni rahisi. Chukua sanduku la mbao lenye matundu madogo chini, tia majani makavu, kisha samadi ya ng'ombe iliyokwisha kupoa, na juu yake udongo wa migombani. Liweke kivulini, linyunyizie maji kidogo kidogo ili liwe na unyevu bila kutota, na ulifunike kwa gunia. Usitie chumvi, majivu wala maganda ya ndimu. Nyungunyungu wa mahali hapo hapo ndio wafaao. Wa kutoka mbali wasiingizwe katika udongo wetu bila ushauri wa wataalamu.

MAJI NDIYO MSINGI

Mto mashuhuri wa sehemu hizi ni Katuma. Hupita katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974 na ambamo uvuvi hauruhusiwi, huyalisha mabwawa ya Katavi na Chada, kisha kwa jina la Kavuu huelekea Ziwa Rukwa. Ziwa hilo halina mto unaotoka, na lina perege wake lenyewe, ambaye asili yake ni bonde hilo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulieleza jinsi Katuma, uliokuwa ukitiririka mwaka mzima, ulivyoanza kukauka wakati wa kiangazi, hasa kwa sababu ya maji kuchepushwa kwa ajili ya umwagiliaji katika sehemu za juu. Viboko na mamba wakalazimika kusongamana katika madimbwi machache yaliyosalia.

Kambale, pamoja na uwezo wake wa kuvuta hewa, anahitaji mafuriko ya mwanzo wa mvua ili apande katika majani yaliyofunikwa na maji na kutaga mayai. Nyungunyungu anahitaji unyevu ili apumue. Mto ukikauka mapema, na kingo zikiachwa wazi, wote wawili hupungua pamoja, wala hakuna uzi mwekundu utakaoziba pengo hilo. Milimani nako, udongo unaomomonyoka ukiyachafua maji, trauti haoni vema, na mnyoo wa sufu hupoteza nguvu zake zote.

Mtoto mwenye kopo, kwa hiyo, anacho kipimo mkononi mwake. Akiweka daftari na kuandika kila mwezi alichimba nyungunyungu wangapi, mahali gani, na baada ya mvua ya siku ngapi, na alipata samaki wangapi wa ukubwa gani, baada ya miaka michache atakuwa na kumbukumbu ambazo mtaalamu yeyote wa maji au wa uvuvi katika Mkoa wa Katavi atafurahi kuzisoma. Walimu wa sayansi wa Kasokola na kwingineko wanaweza kuanza kazi hiyo msimu huu wa mvua, mradi wawatahadharishe wanafunzi wao wasikaribie maji yenye mamba au viboko.